Ukulele kwenye blugrasi: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Tanga

Jumamosi jioni, jua likishalegea, huwa tunakaa barazani kwa mmoja wetu Ngamiani na ukulele tatu (vigita vidogo vya nyuzi nne), gita moja na fidla ya kuazima. Hatujawahi kumaliza nyimbo mbili kabla ya mtu kushusha mguu kwenye baiskeli na kuuliza. Wengine hutuma ujumbe wa sauti saa sita za usiku. Haya ni majibu ya yale yanayorudi kila wiki. Nimeyapanga kwa wingi wa kuulizwa, si kwa uzito. Nilipoeleza kirefu ni pale ambapo sisi wenyewe tulikwama miezi.

Hiyo ni taarab ya wapi?

Si taarab, ingawa fidla imewadanganya wengi. Ni bluegrass, au blugrasi kama tunavyoitamka sisi: muziki wa nyuzi wa kusini mwa Marekani. Jina limetoka kwenye bendi. Bill Monroe, mpiga mandolini (chombo kidogo cha nyuzi za chuma) aliyezaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911, aliita kundi lake Blue Grass Boys kwa sababu Kentucky hujulikana kama jimbo la nyasi za bluu. Oktoba 1939 wakaanza kusikika katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville. Lakini ule mlio ambao ukiusikia leo unasema "hii ndiyo yenyewe" ulikamilika mwishoni mwa 1945, alipojiunga Earl Scruggs na banjo yake (chombo cha nyuzi chenye uso wa ngozi kama ngoma), aliyoipiga kwa vidole vitatu. Lester Flatt alikuwa kwenye gita na sauti. Wawili hao waliondoka mwaka 1948 wakaanzisha bendi yao.

Mbona hamna ngoma?

Haihitajiki. Besi kubwa ya kusimama hupiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini hujibu la pili na la nne kwa mlio mkavu unaokatika papo hapo. Hiyo ndiyo ngoma yao. Likumbuke jibu hili, nitalirudia chini kwa sababu kazi ya mandolini ndiyo kazi ya ukulele.

Ukulele imeingiaje humo? Si chombo cha Hawaii?

Kweli, na nisikudanganye: kwenye bendi ya Monroe hakukuwa na ukulele. Ukulele yenyewe ilizaliwa Hawaii baada ya Wareno wa kisiwa cha Madeira kufika Honolulu na meli ya Ravenscrag mwaka 1879 wakiwa na vigita vyao vidogo.

Kuna wanaosema, basi, kwamba tunaharibu. Nawaheshimu, ila huwa nawakumbusha jambo moja. Kuanzia 1943 hadi 1946 Monroe mwenyewe alikuwa na kodiani katika bendi, ikipigwa na mwanamke, Sally Ann Forrester. Kodiani ileile wazee wetu waliyoitia kwenye taarab. Kama baba wa blugrasi aliivumilia kodiani, nyuzi nne za nailoni zitamuudhi nani?

Banjo si ya Wazungu? Na nyie mnaiga tu?

Banjo imetoka Afrika. Wajola wa Senegal na Gambia wana akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu wa mti, nyuzi tatu, na mmoja kati ya hizo ni mfupi, hupigwa kwa gumba. Watu waliokamatwa utumwani Afrika Magharibi ndio waliovuka bahari na ujuzi huo, na banjo ya leo bado ina uzi wake mfupi wa gumba. Hata Monroe alikuwa akisema wazi kwamba ujanani alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mpiga gita na fidla Mweusi wa Kentucky, aliyempeleka kupiga naye kwenye dansi za vijijini. Kwa hiyo neno "kuiga" nalirudisha kwa aliyeuliza, bila ugomvi.

Uzi wangu wa juu ni mwembamba kuliko unaoufuata. Muuzaji amekosea?

Hajakosea. Wengi wakiona hivyo huvua uzi na kuubadilisha, wakaharibu kitu cha thamani kuliko vyote walivyonunua.

Ukulele ya kawaida hufungwa kwa noti G, C, E, A. Ukiishika, uzi ulio karibu na uso wako ni G, tunauita uzi wa nne. Kwenye gita uzi wa juu ndio mnene, lakini hapa G imepandishwa: iko juu ya C na E, chini kidogo tu ya A. Nyuzi hazishuki ngazi kwa ngazi. Zinashuka, halafu ule wa mwisho unaruka juu tena.

Banjo nayo iko hivyohivyo. Uzi wake wa tano, ule mfupi, ni G ya juu, na unakaa upande wa gumba. Gumba linaugonga kila mara, wimbo ukienda huku au kule, na ile G hulia nyuma kama nzi wa jioni asiyetulia. Mwenye ukulele umepewa uzi huohuo bure. Ndiyo maana nasema ukulele ni ndugu wa banjo kuliko wa gita, hata kama umbo lake ni la gita.

Undugu wa pili ni udhaifu. Sauti ya banjo hufa haraka: ukigonga noti, imekwisha. Scruggs hakujaza noti nyingi kwa majivuno. Chombo kikifa haraka hivyo, usipojaza pengo kunabaki kimya. Ukulele inakufa haraka pia, kwa kuwa mwili ni mdogo na nyuzi ni za nailoni. Dawa ni ileile.

Basi nijaze vipi?

Kwa mzunguko wa vidole vitatu: gumba, shahada, kati. Anza hivi, taratibu, kila kidole na uzi wake:

gumba uzi wa 3, shahada uzi wa 2, kati uzi wa 1,
gumba uzi wa 4, shahada uzi wa 2, kati uzi wa 1,
gumba uzi wa 4, kati uzi wa 1.

Noti nane. Hesabu makundi: tatu, tatu, mbili. Mtu wa Tanga hapa ana bahati, maana mji huu ulitoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na rumba tumeilalia utotoni. Tatu, tatu, mbili ni nusu ya kwanza ya klave ya son, ule mpigo wa vijiti wa Kuba ulio ndani ya rumba yetu. Usiihesabu kama hesabu za darasani. Ivae kama ulivyovaa rumba. Mzee mmoja aliyekuwa mpiga ridhimu zamani alikaa nasi mara moja, akasikiliza mzunguko huo, akaanza kugonga kiti palepale panapostahili. Hakuwa amewahi kusikia neno blugrasi.

Shika kodi ya G (nazungumzia kodi ya muziki, noti kadhaa kwa pamoja, ile nyingine haina mzunguko, ina mashine ya risiti) na uzungushe mpaka vidole vijiendee vyenyewe. Halafu C. Halafu D, na hapo kuna siri: ukifika D, acha uzi wa nne wazi, usiubane. Kwa kanuni hauingii vizuri, lakini ndivyo wapiga banjo wafanyavyo. Uzi wao mfupi hulia G hata kodi ikibadilika. Ule msuguano kidogo ndio unaoipa ladha.

Kucha za chuma wanazovaa wapiga banjo usivae. Zitakwangua nailoni na sauti itakuwa kama kijiko kwenye sahani.

Nimeona mtu anapiga kwa kushusha kucha, hachomoi kwa vidole. Ni blugrasi?

Ule unaitwa clawhammer, jina la nyundo ya seremala yenye kucha mbili za kung'olea misumari, kwa jinsi mkono unavyokunjwa. Kucha ya shahada inashuka kwenye uzi mmoja, inashuka tena kufagia nyuzi zote, kisha gumba linang'oa uzi wa nne: refu, fupi-fupi. Ni wa zamani kuliko blugrasi, na wenye msimamo mkali watakwambia si mahali pake. Kwenye ukulele unakaa vizuri mno, kwa sababu ya ule uzi wa nne. Nikiwa peke yangu Raskazone naangalia ngalawa, ndio ninaoupiga.

Ule mkato wa mandolini unafanyikaje?

Hapa ndipo kazi yenyewe. Wanaoanza hukwangua nyuzi zote juu chini, juu chini, kama wanaparua nazi. Katika duara la watu sita hiyo ni vurugu: inaziba banjo, inaziba fidla, na haisikiki yenyewe.

Mkato unataka kodi isiyo na uzi ulio wazi hata mmoja. Nasoma freti, vile vyuma vya shingoni vya kubania nyuzi, kuanzia uzi wa nne kwenda wa kwanza: G ni 4-2-3-2. C ni 5-4-3-3. D ni 7-6-5-5. Zote zimebanwa, kwa hiyo unaweza kuzisogeza. Sogeza G freti mbili mbele, 6-4-5-4, umepata A.

Kisha: pigo la kwanza nyamaza. Pigo la pili gonga kwa nguvu mara moja, na papo hapo legeza vidole vya kushoto bila kuviinua kabisa juu ya nyuzi. Sauti inakatika: "chak." Pigo la tatu nyamaza. La nne, "chak." Kiini cha kazi kiko kwenye mkono wa kushoto, si wa kulia, na hilo lilinichukua miezi kulielewa, kwa kuwa kila mtu huangalia mkono unaogonga.

Ukipiga mkato sawasawa hakuna atakayekusifu. Ukiacha, wote watageuka kukutazama.

Nifunge uzi wa G mnene wa chini?

Inategemea unataka nini. Ukifunga G ya chini, noti yako ya chini kabisa inakuwa sawa na uzi mnene wa fidla, na ukipanda hadi freti ya 12 ya uzi wa kwanza umefunika karibu kila nyimbo ya fidla ipigwayo katika nafasi ya kwanza. Kwa anayetaka kupiga melodia, ni neema. Lakini umeuza ule uzi wa gumba niliousifia juu. Mwenzetu mmoja ana ukulele mbili, akatatua ugomvi hivyo. Mwenye moja, abaki na G ya juu.

Ninunue ya ukubwa gani?

Tenor, kama mfuko unaruhusu: urefu wa uzi wake ni kama sentimita 43, vidole vinapata nafasi kwa zile kodi za mkato juu ya freti ya tano. Concert, kama sentimita 38, inafaa. Soprano, kama 35, ni tamu kwa clawhammer lakini mkato wake ni kubanana. Baritone huja ikiwa imefungwa D, G, B, E kama nyuzi nne nyembamba za gita, haina uzi unaoruka, sahau.

Dukani fanya jaribio moja: piga uzi wazi, kisha piga uleule kwenye freti ya 12. Ya pili iwe ileile lakini juu zaidi, bila kupinda. Ikipinda, rudisha, hata kama imechorwa mnazi mzuri.

Na ile yenye ngoma ya banjo?

Banjolele. Inasikika mtaa mzima. Majirani wa Chumbageni watakujua kwa jina.

Nyuzi zimekatika na hapa mjini hakuna. Nifanyeje?

Nenda kwa wauza zana za uvuvi. Si utani. Nyuzi nyingi za ukulele za kisasa ni za fluorokaboni, nyenzo ileile ya mishipi ya kuvulia. Unene unaohitajika uko kati ya nusu milimita na chini kidogo ya milimita moja. C huwa ndio mnene zaidi. Nenda na uzi wako uliokatika, ulinganishe kwa vidole au kwa kipimo cha fundi. Mshipi wa nailoni wa kawaida nao hufanya kazi, ila huvutika, utatyuni siku mbili tatu kabla haujatulia. Na uzuri wa nailoni kwa mji wa bahari: haishiki kutu. Gita letu la nyuzi za chuma hubadilishwa nyuzi kila mara, ukulele zinacheka.

Wimbo wa kwanza uwe upi?

Wanaoanza fidla na banjo kule kwao hufundishwa Boil Them Cabbage Down, wimbo wa jadi wa kuchemsha kabichi. Kodi tatu tu. Kwa G inakwenda, kila herufi kipande kimoja: G, C, G, D, halafu G, C, na kipande cha saba kigawe nusu G nusu D, malizia G. Piga mkato wiki ya kwanza, mzunguko ya pili. Ukishaizoea, tia kapo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya pili uipige kwa A bila kubadili vidole, maana wapiga fidla wanapenda A.

Usiulize utaiweza lini. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, ila blugrasi haina safari za hivyo.

Mbona nyie mnapiga polepole?

Kwa sababu hatuwezi haraka. Mwenye haraka na anayejikwaa anasikika kila kosa. Metronomu ya simu, ile ya kuhesabu mapigo, iweke mapigo 60 kwa dakika, ukiweza mara kumi bila kosa panda hadi 64.

Naweza kuimba Kiswahili?

Unaweza, na unastahili, lakini usitafsiri. Maneno ya Kiingereza mengi ya nyimbo hizi hufungwa kwa silabi nzito kwenye pigo zito. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno letu la mwisho linaporomoka baada ya pigo. Ukilazimisha, utasikika unaimba "mpenziii" kwa kuburuta kama mtu anayetafuta nyanya gizani.

Suluhisho tulilonalo mlangoni ni shairi. Huu ni mkoa alikozaliwa Shaaban Robert; kipande cha mizani nane kinajulikana kwa kila mtoto aliyesikia taarab. Mizani nane, pigo moja moja, hujaza vipande viwili vya muziki, vya mapigo manne kila kimoja, barabara. Anza kuimba kabla kidogo ya pigo zito, ili mkazo wa silabi ya saba uangukie kwenye pigo na ya nane ibaki ikielea, ndipo banjo au ukulele inapoingia kujibu. Tulijaribu hivi:

Nimetoka Chumbageni, jua kali la mchana,
ukulele mgongoni, nyuzi nne zasonona.

Si shairi la kutundika ukutani, lakini linaimbika. Anayeongoza yuko katikati, wa pili anaimba juu yake kwa sauti nyembamba ya kubana, wa tatu chini. Waliolelewa kwenye kwaya wanaipata siku hiyohiyo. Ile sauti ya juu isikike na upweke, usiipambe sana.

Nyimbo nyingi naona ni za kanisani. Mimi Muislamu.

Gospeli ni sehemu kubwa ya blugrasi, ndiyo. Lakini nyimbo za fidla zisizo na neno hata moja zipo tele, na barazani kwetu ndizo tunazopiga zaidi, kwa sababu tumechanganyika. Muda wa swala tunanyamaza, tunakunywa kahawa.

Nipo Pangani. Tuungane kwa simu tupige pamoja?

Kuzungumza sawa, kupiga pamoja hapana. Sauti hewani husafiri mita moja kwa karibu sehemu tatu za elfu moja za sekunde. Tukikaa baraza moja hatuhisi kitu. Wimbo wa kasi una noti nane kwa sekunde, na simu ikichelewa sehemu moja ya nane ya sekunde tayari uko noti nzima nyuma, nami nikikungoja wewe nawe unanisubiri, tunazidi kushuka mpaka tunasimama. Tunachofanya: mmoja anarekodi gita na metronomu, anatuma, kila mtu anavaa spika za masikioni na kuongeza sehemu yake, fundi mmoja anaziunganisha.

Nikija barazani, adabu ni ipi?

Anayeanzisha wimbo anataja kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo, kisha anaonyesha kodi kwa vidole: kimoja, vinne, vitano. Katika G kimoja ni G, vinne C, vitano D. Solo inazunguka duara. Ukitazamwa ni zamu yako, na ukitikisa kichwa hakuna atakayekasirika. Mwingine akiwa kwenye solo au anaimba, wewe ni mkato tu, na wa chini. Kiongozi akiinua mguu, ni raundi ya mwisho. Waliozoea sebene hili huwatesa, wanadhani mguu ni wa kucheza.

Tyuni kabla ya kukaa, si katikati ya wimbo wa mwenzako.

Sisikiki kabisa kwenye solo.

Mwambie mwenye banjo apumzike. Nasema kweli: solo ya ukulele haishindi kwa kugonga kwa nguvu, nguvu ikizidi uzi hupwaya na noti inatoka chafu. Kaa karibu na besi au gita, mbali na banjo, mgongo kwa ukuta wa baraza ili sauti irudi mbele. Piga solo yako juu ya freti ya tano, ambako hakuna anayepiga.

Joto na unyevu wa hapa vitaipasua?

Kinachoua huku kwetu ni gari lililofungwa juani: gundi inalegea, daraja la nyuzi linang'oka. Hewa yetu yenye maji haipasui mbao kama ukavu unavyopasua. Ukichagua, mbao za tabaka huvumilia pwani kuliko mbao nzima. Vifungio vya kutyuni vifute kwa kitambaa kikavu, chumvi ya bahari huvishika. Masika, ukija na baiskeli, iweke kwenye mfuko wa nailoni kwanza, ndipo mkoba. Na uifunge mgongoni. Kwenye kapu la mbele tumeshaokota moja vipandevipande.